Umevuka 60 na unataka kutembea mbali peke yako? Soma hapa kwanza

Wasomaji wangu mliovuka miaka 60, wiki hii safu ni yenu. Vijana nanyi mnaruhusiwa kusoma, hasa wale wenye tabia ya kumkalisha mama kwenye kochi kutwa nzima wakidhani ndiyo kumtunza.

Tuseme wewe ni mwalimu mstaafu pale Kabanga, Kasulu (Kabanga hii ya Waha, si ile ya mpakani Ngara). Watoto wako Dar es Salaam na Mwanza. Asubuhi unamwagilia bustani, unasikiliza taarifa ya habari, kisha siku nzima imebaki. Miguu bado inakubali. Na moyoni una wazo ambalo hujamwambia mtu: uteremke kwa miguu kutoka nyanda za juu mpaka Ziwa Tanganyika, halafu ufuate ufukwe kijiji kwa kijiji, taratibu, peke yako, bila haraka ya kumfikia mtu. Au wazo lako ni dogo kuliko hilo. Unataka tu kwenda kumsalimu dada yako kilomita 12 kutoka nyumbani, bila bodaboda na bila kusindikizwa na mjukuu anayechezea simu njia nzima.

Je, ni salama kwa umri wako? Jibu langu kwa wengi wenu ni ndiyo, kwa masharti nitakayoyaeleza. Na nisema mapema: kwa mzee ambaye bado anatembea vizuri, hatari kubwa mara nyingi ni kiti. Misuli ya mapaja isipofanya kazi hupungua haraka sana umri ukienda, na mtu mzima anayelazwa au kukalishwa wiki mbili tatu anaweza kupoteza nguvu ambazo zitamchukua miezi kuzirudisha. Wengine haziwarudii kabisa.

Kutembea mbali si jambo geni Buha. Kwa karne nyingi watu walishuka kutoka nyanda hizo kwenda Uvinza kufuata chumvi, wakarudi nayo kichwani na mabegani. Enzi za mkoloni vijana wa Kasulu na Kibondo waliondoka kwa makundi kwenda manamba katika mashamba ya mkonge, wengi wakianza safari kwa miguu. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilipunguza mateso hayo, haikuyamaliza, kwa sababu kutoka kijijini hadi stesheni bado ilikuwa miguu. Basi ukiambiwa na mwanao kwamba kutembea siku tatu ni mambo ya Wazungu, mwambie akamuulize babu yake.

Ila tofauti ipo. Wale walikuwa vijana na walikwenda kwa makundi. Mtu mzima aliyezunguka pande hizi kwa miguu na kuacha kumbukumbu ya maandishi ni David Livingstone. Alipokutwa Ujiji na Stanley mwaka 1871 alikuwa na miaka 58, na mwaka mmoja kabla alikuwa amelala miezi kadhaa huko Manyema, ng'ambo ya ziwa, hawezi kwenda popote. Kilichomzuia zaidi ni vidonda vya miguu. Liweke hilo akilini, maana nusu ya makala haya yatazungumzia nyayo.

Kwa upande wa wanawake kuna Emma Gatewood wa Marekani, mama wa watoto 11. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67, alitembea peke yake njia ya milimani inayoitwa Appalachian, zaidi ya kilomita 3,200, akiwa na raba za kawaida na mfuko alioushona mwenyewe. Watoto wake aliwaaga kwa kusema anakwenda kutembea. Wanaomsifu husahau kwamba mwaka uliotangulia alijaribu akashindwa: alipotea njia, miwani ikavunjika, askari wa msitu wakamrudisha nyumbani. Miwani ya akiba ni kitu kidogo sana kwenye mfuko.

Uingereza nako kuna njia ya pwani ya kusini-magharibi yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, na wastaafu huimaliza kwa vipande, wiki moja mwaka huu, wiki nyingine mwakani. Huo utaratibu wa vipande ndio ninaoupendekeza kwako. Hakuna aliyekwambia umalize ziwa zima msimu mmoja.

Mwili unahitaji kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani, WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu wa miaka 65 na kuendelea apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano, ukitaka kiwango cha chini. Mwongozo huo huo unaongeza jambo ambalo watembeaji wengi hulisahau: mazoezi ya nguvu ya misuli angalau siku mbili kwa wiki, na mazoezi ya mizani ya mwili siku tatu. Kutembea peke yake hakukupi hivyo viwili vya kutosha. Ndiyo maana unamkuta mzee anayetembea kilomita 10 bila shida lakini akiinuka kwenye kigoda anashika ukuta.

Kuhusu hatua 10,000 ambazo simu za wajukuu zinatangaza, namba hiyo haikutoka maabara. Ilianzia Japani mwaka 1965, kwenye tangazo la kuuzia kifaa cha kuhesabia hatua. Uchambuzi mkubwa uliounganisha tafiti 15 na kuchapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Public Health ulionyesha kwamba kwa watu wa miaka 60 na kuendelea, faida ya kupunguza hatari ya kufa mapema inapanda hadi kwenye hatua 6,000 hadi 8,000 kwa siku, kisha inatulia. Mama anayekwenda shambani, kisimani na sokoni Kabanga anaweza kuzifikisha kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo safari ndefu huifanyi ili uongeze miaka. Unaifanya kwa sababu unaitaka, na hiyo ni sababu nzuri. Ninachotaka mimi ni urudi ukiwa na miguu yote miwili.

Kasi ya wastani unaijuaje? Kipimo cha madaktari ni kwamba unaweza kuongea sentensi nzima ukiwa unatembea, lakini kuimba huwezi. Waha mna kipimo bora zaidi: salamu zenu. Ukikutana na mtu njiani ukaweza kuimaliza salamu yote, na makofi yake, na habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua, bila kuhema katikati, kasi yako ni sahihi. Ukijikuta unakatisha salamu ili uvute pumzi, punguza mwendo.

Jipime nyumbani kabla ya kujipima njiani. Simama karibu na meza, inua mguu mmoja, hesabu hadi kumi. Watafiti wa Brazil waliwapima hivyo watu 1,702 wenye miaka 51 hadi 75, na katika matokeo yao ya mwaka 2022 mmoja kati ya watano alishindwa. Walioshindwa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Hiyo haina maana kwamba ukishindwa uandike wosia. Maana yake ni kwamba mizani yako inahitaji kazi kabla hujashuka mlima peke yako. Fanya kila siku ukipiga mswaki, mguu huu kisha ule, mkono ukiwa karibu na ukuta. Halafu kaa kwenye kiti kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, inuka na ukae mara kumi. Wiki sita za mazoezi hayo mawili zitakusaidia kuliko viatu vya laki mbili.

Vidonge vyako vinatembea nawe

Sasa tuje kwenye sehemu inayonifanya niandike haya. Wazee wengi wanaopata matatizo njiani walikuwa na ugonjwa unaojulikana na dawa zinazojulikana, ila hakuna aliyekaa nao akawaambia dawa hiyo inafanyaje siku ukitembea saa nne.

Anza na kisukari. Mzee anayetumia glibenclamide anameza asubuhi, anaondoka, anasema atakula mbele ya safari. Dawa hiyo inalazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hujala. Misuli nayo inakula sukari kwa kasi kwa sababu unatembea. Kilomita ya nane sukari inashuka: jasho jembamba, kutetemeka, njaa kali, maneno kuchanganyika, miguu kwenda upande. Wapita njia watasema mzee ameonja pombe ya ndizi asubuhi yote hii, watapita. Ukiwa peke yako hapo ndipo pa kufa.

Orodha ya dawa muhimu ya WHO yenyewe inasema glibenclamide haifai kwa watu waliozidi miaka 60. Kama ndiyo unayotumia, usiiache leo kwa kusoma gazeti. Nenda na karatasi yako ya kliniki, iwe Hospitali ya Kabanga, ya Wilaya Kasulu au Maweni pale Kigoma, umuulize daktari maswali mawili: je, naweza kubadilishiwa? Na siku ya safari ndefu ninywe kiasi gani, saa ngapi? Anayetumia metformin peke yake hatari hiyo kwake ni ndogo sana. Anayejidunga insulini yuko kwenye kundi la tahadhari kubwa, na safari ya siku nyingi peke yake simshauri.

Mfukoni weka sukari. Vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida (zile zisizo na sukari hapa hazina msaada wowote), kaa chini, subiri dakika 15, kisha kula kitu kigumu kama ndizi au muhogo. Usiendelee na safari mpaka akili itulie kabisa.

Presha nayo ina mambo yake. Dawa zinazokojosha zinakausha mwili, na mtu mzima hisia yake ya kiu imepungua. Maji yanamwishia kabla hajatamani kunywa. Matokeo yake ni kizunguzungu unapoinuka kutoka kwenye jiwe ulilopumzikia. Wapo wanaoruka kidonge siku ya safari ili wasisumbuliwe na haja ndogo. Usifanye hivyo kienyeji. Daktari anaweza kukubadilishia saa ya kumeza. Na kama umepima ukakuta namba ya juu imefika 180 au ya chini 110, safari isubiri mpaka ishuke.

Kwenye haja ndogo nikae kidogo, kwa sababu halisemwi. Akina mama waliozaa mara nyingi, wengi wenu mkojo unawachuruzika mkikohoa au mkiteremka mlima, na dawa mliyojitungia ni kutokunywa maji tangu alfajiri. Akina baba wenye tezi dume hufanya hivyo hivyo. Kutokunywa maji hakuzibi mkojo. Kunaufanya uwe mkali, kunaleta maambukizi, na kunawaangusha njiani kwa kizunguzungu. Kuna mazoezi ya kubana misuli ya nyonga ambayo mkunga yeyote anaweza kukufundisha kwa dakika tano, na yanasaidia hata ukiwa na miaka 70. Kwa tezi dume dawa zipo. Kaseme.

Halafu nyayo. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguu. Mtu anatembea na kokoto ndani ya kiatu kutoka Kabanga mpaka Kasulu mjini bila kujua, jioni anavua soksi anakuta damu. Kipimo chake ni rahisi, kinafanyika nyumbani na mjukuu. Lala, fumba macho. Mjukuu aguse kwa ncha ya kidole, polepole bila kubonyeza, kidole gumba cha mguu, cha katikati na kidogo cha mwisho, miguu yote miwili. Jumla ni migusano sita. Kila ukihisi, sema ni mguu upi. Ukikosa miwili au zaidi, hisia zimepungua, na kwako safari ndefu ni mpaka uonwe kliniki.

Hata asiye na kisukari akague nyayo kila jioni, na katikati ya vidole atazame funza. Lengelenge dogo usilipasue. Likipasuka lenyewe, osha kwa maji safi na sabuni, funika kwa kitambaa safi. Tafadhali msiweke majivu, dawa ya meno wala unga wa vidonge vya rangi mbili. Kidonda kisichoanza kupona ndani ya siku chache, kikawa na harufu au wekundu unaopanda, ni cha hospitali siku hiyo hiyo. Na akina baba, nyie chanjo ya pepopunda wengi hamkuwahi kuikamilisha. Akina mama walau walichomwa wakiwa wajawazito. Ulizeni kituo cha afya kabla ya kutembea kwenye miiba.

Viatu? Raba iliyokwisha kuuzoea mguu wako, kubwa kidogo mbele kiasi cha upana wa kidole gumba, na soksi. Malapa na yeboyebo ni vya nyumbani. Katambuga za tairi nazijua, zinadumu, na wengi mmezitembelea maisha yote; kama hisia za miguu ni nzima na ngozi imekomaa sitagombana nanyi, ingawa haziwakingi na nyoka wala visiki. Ila kiatu kipya usikivae kwa mara ya kwanza siku ya safari, hata kama mwanao amekileta kutoka Kariakoo jana yake.

Mteremko na ziwa

Nyanda za Kasulu ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770. Ukisikia hivyo unafurahi: nateremka! Kumbe kupanda kunachosha moyo na mapafu, kushuka kunaumiza magoti na mapaja. Ukishuka, misuli ya paja inavutwa huku inajikaza, na hiyo ndiyo kazi inayoacha maumivu makali siku ya pili. Wazee wengi huanguka wanaposhuka, mwisho wa siku, wakiwa wameanza kuona paa za kijiji na kuongeza haraka.

Fimbo hapo si alama ya udhaifu. Urefu wake: ukisimama wima mikono imening'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kiwiko cha kiganja, pale kwenye mkunjo. Ukiwa na goti bovu la kulia, fimbo ishike mkono wa kushoto. Najua wengi hufanya kinyume. Miteremkoni fupisha hatua, kunja goti kidogo, na ukikuta kokoto zinazobingirika, pita kwa upande kama ng'ombe wanavyofanya.

Kutoka Kasulu hadi Kigoma kwa barabara ni takriban kilomita 90. Kwa mtu wa miaka 65 aliyejiandaa, kilomita 15 kwa siku ni kipimo cha haki, karibu saa nne za mwendo ukiacha kupumzika. Hesabu siku sita, ongeza siku moja ya kupumzika katikati. Kujiandaa kwake ni miezi mitatu: anza na umbali unaouweza leo bila kuumwa kesho, ongeza kidogo kila wiki, na kila wiki ya nne punguza. Barabarani tembea upande wa kulia ili magari yanayokuja uyaone usoni. Usikivu umepungua, bodaboda wanaotoka nyuma hutawasikia.

Jambo moja la Kigoma ambalo mgeni hulikosea: jua huku linachelewa. Linachomoza karibu saa 1 asubuhi na utosini linafika kwenye saa 7 mchana, tofauti na Dar es Salaam. Kwa hiyo ondoka kunapopambazuka, maliza sehemu kubwa kabla ya saa 5, na kuanzia saa 7 hadi saa 10 uwe kivulini. Msimu mzuri ni kiangazi, Juni hadi Septemba. Mvua zikianza njia zinateleza na radi si mgeni katika vilima hivyo. Ikikukuta, usijibanze chini ya mti uliosimama peke yake.

Ukifika ziwani utaona ufukwe si barabara moja iliyonyooka. Kusini mwa mji, kutoka Kigoma mjini hadi Ujiji, ni matembezi mepesi ya nusu siku, na ningependa kila mtu aanze na hayo. Kaskazini kuanzia Kibirizi vilima vinaingia majini, kuna sehemu mwamba unakuzuia na lazima upande juu au upande boti. Panda boti. Hakuna anayekuhesabia. Katikati iko Hifadhi ya Gombe, ambayo ina taratibu zake, kwa hiyo uliza ofisi ya TANAPA Kigoma kabla. Ukiwa na mafua au kikohozi usiende kabisa, kwa sababu sokwe huambukizwa magonjwa yetu ya kifua. Nyani wa ufukweni kule wameshazoea watu. Ukila ndizi ukitembea utaibiwa, na kumkimbiza nyani juu ya mawe katika umri wako ni njia ya uhakika ya kuvunjika nyonga.

Mchanga laini unachosha karibu maradufu, pita kwenye mchanga mgumu karibu na maji. Lakini maji yenyewe yaheshimu. Karibu na vijiji, penye majani na maji yaliyotulia, kuna konokono wa kichocho, na mamba katika baadhi ya midomo ya mito. Kunywa maji ya ziwa bila kuyachemsha au kuyatia dawa ni kosa ambalo Kigoma ina kumbukumbu yake: mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojaa kijiji cha ufukweni cha Kagunga, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 30 na kuugua maelfu. Beba lita mbili, chemsha jioni kwa mwenyeji wako, jaza tena.

Chakula hakina ugumu. Maharage ya Kasulu, mgebuka, dagaa: misuli ya mzee inahitaji protini zaidi kuliko anavyodhani, na ugali wa muhogo na chai ya rangi peke yake hautamfikisha Kigoma.

Peke yako, lakini si bila watu kujua

Kuna aibu inayofichwa katika jambo hili. Mama akionekana barabarani peke yake na fimbo, majirani huuliza: watoto wake wako wapi? Mtoto akisikia, anapiga simu kwa hasira, si kwa sababu mama ameumia bali kwa sababu yeye amesemwa. Wengi wa mnaokatazwa kutembea mnakatazwa kwa ajili ya sifa za mtu mwingine. Mpe mwanao kazi ya kufanya badala ya kubishana naye: yeye ndiye atakayepigiwa saa 4 asubuhi na saa 11 jioni kila siku, na saa moja ikipita bila simu ana ruhusa ya kumpigia mwenyekiti wa kijiji unachoelekea, ambaye namba yake umemwachia. Namba hizo ziandike pia kwenye karatasi, pamoja na ugonjwa wako na dawa zako, uitie kwenye mfuko mmoja na kitambulisho cha taifa. Simu huisha chaji, karatasi haiishi. Kitambulisho kina umuhimu wa ziada mkoa ule wenye kambi za wakimbizi na vizuizi vya barabarani.

Salamu zinarudi tena hapa. Usimpite mtu shambani bila kumsalimu na kumtajia unakokwenda. Ukipotea, hao ndio watakaosema: mzee mwenye fimbo na kofia ya bluu alipita hapa saa 3, alisema anakwenda bondeni. Mgeni anayepita kimya hakumbukwi. Lakini mahali pa kulala panga mapema, kwa ndugu, parokiani, msikitini au nyumba ya wageni, na giza lisikukute njiani. Ujambazi katika barabara za magharibi haujasahaulika.

Kabanga inajulikana nchini kwa kituo kilichowahifadhi watoto wenye ualbino. Wenye ualbino nao wanazeeka, na kwao neno "peke yako" lina uzito mwingine; sitawaambia waende bila mwenza. Jua lenyewe ni adui: kofia pana, mikono mirefu, na mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa KCMC Moshi, waulize kliniki ya ngozi. Doa au kidonda kisichopona usoni au sikioni kionwe mapema.

Yuko mtu mmoja ambaye namkatalia kabisa kwenda peke yake, na yeye ndiye atakayebisha zaidi. Ni yule ambaye miezi ya karibuni amepotea kwenye njia anayoijua, au anarudia swali lile lile mara tatu kwa saa moja. Mguu wake unaweza kuwa na nguvu kuliko wangu. Kumbukumbu ndiyo imeanza kuondoka, na huyo atembee kila siku, ila na mtu.

Njiani, simama na uombe msaada kwa haya: kifua kubana au maumivu yanayopanda begani na kwenye taya, pumzi kukatika hata ukiwa umekaa, upande mmoja wa uso kulegea, mkono kukosa nguvu ghafla au maneno kutoka vibaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya ndama. Kwa hayo usitafute kwanza duka la dawa, na usilale usubiri asubuhi. Piga kelele, simamisha bodaboda ya kwanza, mwambie dereva neno moja: hospitali.

Kama unaanza wiki hii, anza na dada yako wa kilomita 12. Kwenda leo, kulala kwake, kurudi keshokutwa. Jioni ya kwanza mwombe beseni la maji ya vuguvugu, yajaribu joto kwa kiwiko cha mkono na si kwa mguu, osha nyayo, kausha vizuri katikati ya vidole, na kucha zikate kwa kunyoosha bila kuchimba pembeni.